Kidole cha Baba Mkwe

Siku ya kwanza ya kazi nilipewa ufagio na ndoo, nikaambiwa nisiguse kingine. Hiyo ni Makongolosi, miaka ya hamsini, mume wangu anachimba dhahabu. Zahanati ya mgodi ilikuwa na dresa mmoja, yaani mfunga vidonda, mtu wa pwani, anaongea kama anaimba: "Aah, bibiye, pale pamebaki vumbi, wallahi!" Nikafagia. Lakini macho yangu hayakuwa kwenye ufagio.

Mgodini mawe yanaangukia miguu kila mara. Dresa akaona navyotazama, akacheka: "Haya, njoo ushike mguu huu." Akanifundisha. Kidole kikivimba na kuwa cheusi, usikimbilie kusema kimevunjika. Kishike nchani, kisukume taratibu kuelekea mguuni. Mtu akiruka na kukutukana, maumivu yako kwenye mfupa wenyewe, hapo pamevunjika. Kikiwa kimepinda, kivute kwanza kinyooke. Tia pamba katikati yake na kidole cha jirani, vifunge pamoja kwa plasta, jirani amshike mgonjwa. Usikaze. Finya ukucha: ukipauka halafu wekundu ukarudi, damu inapita. Mguu ukae juu ya mto. Kidole gumba, au mfupa uliotokeza nje, huyo apande lori aende hospitali Mbeya.

Sasa sikilizeni. Baba mkwe akaja kututembelea kutoka Tukuyu. Sisi Wanyakyusa, wakati ule, mkamwana hamtazami baba mkwe, hamgusi, jina lake halitamki. Akija njia hii, wewe unaingia kwenye migomba. Basi pipa la maji likamwangukia mguuni. Na dresa kaenda vijijini kuchanja ndui.

Mume wangu akaja mbio zahanati, na kasauti kake kale: "Mke wangu, baba yuko nje. Usitoke! Tumsubiri dresa."

"Dresa anarudi lini?"

"Labda wiki ijayo."

"Kidole kikiunga kimepinda, baba yako atafuataje ng'ombe milimani? Mlaze nyuma ya pazia. Atoe mguu tu."

Mguu ukatokea chini ya pazia, umevimba kama kiazi, kidole cha mwisho kimetazama pembeni. Nikamwambia mume wangu, "Mwambie mgonjwa navuta."

Nyuma ya pazia, sauti ya ng'ombe dume: "Mwambie huyo anayefagia avute, asinicheleweshe!"

Nikavuta. Aliyepiga kelele ni mume wangu, nami nikafunga plasta.

Habari ikafika Tukuyu. Dada zake mzee wakapanda lori mpaka kwetu, plasta tayari imeshatoka. Wakakaa uani, mimi niko ndani kwa sababu mzee yuko nje. Mkubwa wao alikuwa na sauti ya kuku aliyekanyagwa: "Kamshika mkwe! Aache kazi hiyo ya miguu ya watu, ama arudi kwao!" Mume wangu anatazama chini.

Nikajibu humo humo ndani: "Kazi siachi! Mkinirudisha kwetu, na kwetu watu wana vidole!"

Mzee hawezi kusema na mimi, si ndiyo mila? Nikasikia anasimama, anakuja mpaka kwenye ukuta wangu. Akapiga chini mguu ule ule. Du! Du! Kisha akawaambia dada zake, "Mmekula? Basi nendeni."

Wakaenda. Mimi nikabaki na kazi yangu.

Baadaye tukahamia Iringa. Bwana mganga wa hospitali ya pale, Mzungu, akaniuliza, "Mama, wewe hapana soma. Nani nafundisha wewe?" Nikamwambia, "Dresa wa Makongolosi, bwana. Na mkwe wangu kanipitisha." Akacheka, akanipa plasta. Nimefunga vidole pale mpaka nikastaafu.

Sasa niko Ilula, magoti yamekwisha. Lakini mtu akija anachechemea namwambia kaa, toa mguu. Wengine wanaanza: "Bibi, kwani wewe nani kakuruhusu?"

Nagonga fimbo yangu chini, du, du, nashika kidole.