Mapigo Matatu ya Mzee wa Mulongwe

Jumanne, tarehe 14 Machi 2017, milio ya risasi ikisikika upande wa milima, daktari wetu alitaka kunizuia nisipime tena mioyo kwa ekografi, mashine inayoonyesha moyo kwenye skrini. Sisi wawili tulikuwa tumempima mvuvi mzee wa Mulongwe, kila mmoja kwa zamu yake, na namba zetu za nguvu ya moyo wake zilitofautiana sana. Namba yangu ilimruhusu mzee abaki nyumbani na vidonge vyake. Namba ya daktari ilimtaka avuke mpaka wa Kavimvira hadi hospitali ya Bujumbura, kwa barabara iliyojaa askari.

“Mama, weye ulianza masomo ukiwa mujane,” alisema. “Macho iko imechoka.”

“Macho iko mazima, Dokta. Ulipima mapigo ngapi?”

“Moja.”

“Moyo wa huyu mzee haupigi sawasawa. Minye nilipima matatu, nikayajumlisha, nikagawanya.”

Mzee, aliyelalia ubavu wa kushoto, alicheka. “Mupime tena, lakini musigombane juu ya kifua changu!”

Daktari alipima upya, mapigo matatu, nami niligeukia ukuta, asije akasema nimemwelekeza. Aliposoma namba yake kwa sauti, ilikaribiana kabisa na yangu. Akawageukia wauguzi waliokuwa mlangoni.

“Kuanzia leo, tutapima kama Mama.”

Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, na diploma yangu ya upimaji ilikuwa na miaka miwili tu. Mzee alifunga vifungo vya shati lake, akarudi kwake Mulongwe.