Shimo Lililoanzia Juu

Enzi Wajerumani wakitutawala, Mdachi mmoja aliyekuja kuchimba vitu vya kale kusini ya Rumonge, karibu na msitu wa Kigwena, aliniajiri kwa sababu nilijua Kirundi na Kiswahili. Alinipa wachimbaji sita niwasimamie. Kazi ile niliipenda, na hilo linaniudhi mpaka leo.

Alinifundisha vizuri. Tulipigilia vigingi, tukavuta kamba, tukaondoa nyasi kwa sururu, kisha tukashuka kwa mwiko wa mwashi, kidogo kidogo, kama mtu anayekwangua ukoko wa chungu. Udongo wote ulipita kwenye chekeche. Vigae niliviosha ziwani na kuvianika juu ya majani ya mgomba. Zaidi ya yote, alinifundisha kusoma ukuta wa shimo.

"Tazama rangi," aliniambia. "Tabaka la chini ndilo la zamani. Lakini ukiona udongo mweusi umeyakata matabaka kuanzia juu, ujue mtu alichimba hapo juzi tu."

Wiki ya nne tukakuta mifupa ya mtu. Nikatazama ukuta. Udongo mweusi ulianzia juu kabisa, kwenye mizizi ya nyasi. Kwenye mfupa wa mkono ilikuwapo bangili ya shaba.

Mama aliyekuwa akituuzia mihogo alifika saa sita kama kawaida. Akaiona ile bangili, akaweka kikapu chini.

"Huyo ni dada yangu," alisema kwa Kirundi. "Bangili hiyo nilimvika mwenyewe."

Nikatafsiri. Mdachi hakuinua macho kutoka kwenye daftari lake.

"Mwambie ni mtu wa kale, wa kabla ya babu wa babu zake."

"Bwana, ulinifundisha mwenyewe. Shimo hili limeanzia juu."

"Nilikufundisha kuchimba. Kubishana sikukufundisha."

Alijua. Hapo ndipo ninapochomwa. Kama asingejua ningemsamehe, lakini asubuhi ile nilimwona akiufuata ule weusi kwa macho mpaka kwenye nyasi, halafu akageuka na kuomba brashi. Kwao kulikuwa na watu waliotaka mafuvu, naye alikuwa amewaahidi.

Nikamgeukia yule mama. "Anajua ni dada yako," nikamwambia. "Anamtaka hivyo hivyo."

Kisha nikaweka mwiko chini, nikatoka shimoni. Wale sita wakanifuata, mmoja mmoja. Mdachi akashuka mwenyewe, akalitoa fuvu, akalifunga kwa pamba na kulitia sandukuni.

Kesho yake, kwa amri ya Mdachi, askari walinilaza chini na kunichapa kiboko mbele ya watu wangu. Sanduku likapakiwa mtumbwini kwenda Usumbura.

Mifupa mingine hakuitaka. Tuliikusanya, pamoja na ile bangili, tukaifunga kwenye mkeka mpya na kuizika juu zaidi mlimani. Kabla hatujafukia, yule mama akaniuliza tumwelekeze wapi uso. Uso haukuwapo. Akaamua mwenyewe: upande wa ziwani.

Siku chache baadaye Mdachi alituma mtu kuniita. Eti hana mwingine anayejua kusoma udongo.

"Mwambie yeye pia anajua," nikasema, nikarudi kulala kifudifudi, maana mgongo ulikuwa bado haujapona.

Akachukua watu wengine. Wale walichimba kwa majembe.