Nusu ya Kosa

Mama yangu aligongwa na Landrova asubuhi, akipeleka kapu la majani ya chai kwenye banda la kupimia, pale barabara ya kijijini kwetu inapopinda kuelekea Mponde. Sisi ni watu wa upande wa Mgwashi. Miaka hiyo ya mwanzo ya Ujamaa chai ilikuwa bado ngeni kwa wakulima wadogo, na mama alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza waliong'oa sehemu ya migomba yao ili wapande miche. Alikuwa mchumaji hodari, mikono yote miwili ikienda kwa pamoja, na huku akiimba nyimbo za kanisani. Baada ya siku ile mkono wake wa kulia haukuinuka tena kupita kifua.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nikiishi naye. Baba alikwisha fariki, na kaka zangu walikuwa Tanga na familia zao. Kwa hiyo mambo ya polisi na mahakama yaliniangukia mimi.

Mama alipokuwa bado amelazwa hospitali ya misheni, nilipanda basi kwenda kituo cha polisi Lushoto. Askari wa zamu alinisomea maelezo ya ajali. Yalisema mama alikatiza barabara ghafla mbele ya gari.

"Nani kasema hivyo?" niliuliza.

"Dereva."

"Na mama yangu ameulizwa?"

"Siku ile alikuwa hajitambui."

"Leo anajitambua. Nendeni mkamuulize."

Askari alifunga kitabu chake. "Jalada limeshakwenda Tanga, mwalimu."

Nilirudi hospitalini nikamweleza mama. Alikuwa amelala chali, bega na mkono vimefungwa plasta ngumu. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa.

"Nilikatiza niende wapi?" alisema kwa Kishambaa. "Upande wa pili si korongo? Nilikuwa nimejibana kwenye ukingo mpaka udongo ukanishika mgongoni. Mtu anakatiza barabara aingie korongoni na kapu la chai?"

Ilikuwa kweli. Kona ile ilikuwa nyembamba kama mkanda. Mkono mmoja ukingo wa udongo mwekundu uliosimama wima, mkono wa pili korongo. Aliyekutana na gari pale alikuwa na jambo moja tu la kufanya, kujibandika ukingoni na kumwomba Mungu. Jirani yetu mmoja, mama mwenzake wa kanisani, alikuwa nyuma yake asubuhi ile na aliyaona yote.

Gari lilikuwa la shirika la umma. Nilikwenda ofisini kwao Tanga, na baada ya kukalishwa kwenye benchi tangu asubuhi, afisa mmoja alinipokea. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio ulionichosha zaidi.

"Ndugu mwalimu," alisema, "gari lile ni la nani?"

"La shirika lenu."

"Hapana. Ni la umma. Na umma ni nani? Ni mimi, ni wewe, ni mama yako. Sasa mama anataka kulishitaki gari lake mwenyewe?"

"Kama ni gari lake," nilisema, "basi dereva ni mfanyakazi wake, naye hamtaki tena."

Hakucheka. Aliniambia niende salama, watanijulisha. Hawakunijulisha.

Tulimpata wakili hapo hapo Tanga, mzee mmoja mwenye ofisi juu ya duka la vitambaa, akakubali kufungua madai katika mahakama ya wilaya Lushoto. Ndipo nilipojifunza neno "kuahirishwa". Tulikuwa tukiamka kabla ya jogoo, mama akivaa khanga zake za ibada, tukiteremka kwa miguu hadi kwenye basi, tukibadilisha gari Soni, tukifika Lushoto na vumbi hadi kwenye kope. Tunakaa. Karani anatoka: hakimu anaumwa. Safari nyingine: jalada la polisi halijarudi. Nyingine: wakili wa shirika ana semina. Mara nyingine hawakutoa sababu yoyote, wakaandika tu tarehe mpya. Mwalimu mkuu wangu alianza kunitazama kwa jicho la pembeni kila nilipoomba ruhusa. Hakimu wa kwanza alihamishwa kabla hajasikiliza shahidi hata mmoja.

Katika kungoja huko ndipo kijiji kilipoamua kuitengeneza ile kona. Jambo jema kabisa, na lililetwa kikaoni kwa sababu ya mama: mwenyekiti alisema hatuwezi kusubiri agongwe mwingine. Ikatangazwa siku ya kujitolea. Watu walitoka na majembe na sururu, kwaya ikaimba, ukingo ukakatwa, na udongo wote ukamwagwa upande wa korongo ukashindiliwa. Mama mwenyewe alipika makande ya wafanyakazi, akikoroga kwa mkono wa kushoto. Jioni barabara ilikuwa pana kiasi cha magari mawili kupishana. Tulifurahi. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kesi.

Hatimaye hakimu mpya alianza kusikiliza. Mama alieleza vizuri, kwa Kiswahili chake cha taratibu. Kisha akaitwa jirani yetu. Wakili wa shirika alimuuliza gari lilikuwa mbali kiasi gani alipoliona mara ya kwanza. Jirani alitazama huku na huku, akanyoosha kidole kwa karani aliyekaa mlangoni.

"Kama kutoka hapa nilipo hadi kwa yule baba."

"Hiyo ni futi ngapi?"

"Futi sizijui, baba. Ni kama hadi kwa yule."

Hakuna aliyeinuka kupima. Wakili wa shirika alimgeukia hakimu akasema shahidi hajui umbali, na hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Nilikuwa nimekaa nyuma na viganja vinaniwasha. Pale pale palikuwa na sakafu, mlango, na karani asiyetikisika. Rula ya darasani kwangu ingetosha.

Mchana, mahakama ilipopumzika, tulikaa nje kwenye majani tukila viazi vya kuchemsha. Dereva alitujia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona karibu. Alikuwa kijana kuliko nilivyomdhania, shati limepigwa pasi vizuri.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, mwanangu," mama alijibu. Mimi sikumsalimia.

Alichuchumaa mbele ya mama. "Mkono unaendeleaje?"

"Ndio huu. Hauendelei." Mama alimsogezea kiazi, hakukichukua. "Mwanangu, mimi najua hukukusudia. Kulikuwa na ukungu na wewe ulikuwa na haraka. Siombi wakufunge. Sema tu mahali nilipokuwa nimesimama."

Kijana aliinamisha kichwa. Alichuma majani kidogo kidogo kwa vidole. "Maelezo yale nilielekezwa ofisini namna ya kuyaandika. Nikiyageuza leo, nafukuzwa kazi, mama. Nina watoto."

"Na mimi ninaye," mama alisema, akinionyesha.

Alisimama akaenda zake. Alasiri alipanda kizimbani akasema, bila kututazama, kwamba mama alikatiza barabara ghafla.

Wakili wetu aliomba mahakama iende ikapaone mahali penyewe. Alilisema hilo kwa furaha, na sisi pia tulifurahi, kwa sababu tulikuwa na korongo letu kichwani. Nilikuja kushtuka tulipokuwa tayari ndani ya gari la mahakama, tunapanda kilima. Nikamgusa wakili begani.

"Mzee, ile kona tuliitengeneza."

"Mliitengeneza vipi?"

Tulifika kabla sijamaliza kumweleza. Hakimu alishuka, akatembea kutoka upande mmoja hadi wa pili, juu ya udongo ule ule ulioshindiliwa kwa nyimbo. Mtu alikuwa amekwisha kupanda matete pembeni.

"Mnaniambia hapa hapakuwa na mahali pa kuvukia," alisema.

Tulisema kwa pamoja, mimi, mama, jirani, hata mtu aliyekuwa akipita na mbuzi wake. Korongo lilikuwa hapa! Ukingo ulikuwa pale! Hakimu aliinua mkono. Alisema anaandika anachokiona, maneno ya ushahidi yana mahali pake. Wakili wetu alijaribu kueleza habari za kujitolea, wa shirika akauliza kama kuna mchoro wa barabara ya zamani. Mchoro wa polisi ulikuwa na mistari miwili na msalaba. Korongo hakuna aliyelichora.

Hukumu ilisomwa wakati wa mvua za vuli, bati la mahakama likivuma hata tukalazimika kuinamia mbele kusikia. Kila upande ulichangia ajali kwa nusu. Mama alilipwa kwa kadiri hiyo. Wakili wetu alitushika mikono akasema ni ushindi, wengine hawapati hata hicho.

Ndani ya basi mama aliniuliza, "Amesema nusu ya kosa ni yangu?"

"Ndiyo, mama."

"Ipi?"

Alisema twende mbele, Tanga au Dar es Salaam, kokote kuliko na mahakama kubwa zaidi. Nikamwambia siwezi tena. Nilisema kwa sauti kubwa, abiria wakageuka. Nilimwambia nimechoka na mabenchi, nimechoka kumbembeleza mwalimu mkuu, na hata twende wapi, korongo haliwezi kurudi.

Yale malipo alinunulia mtamba wa maziwa. Alipozaa, mama hakuweza kumkamua kwa mkono mmoja, kwa hiyo nilimkamua mimi kila alfajiri kabla ya kwenda shule, na katika kukamua huko nilikuwa nikibishana na hakimu. Nilimpa hoja nzuri sana, moja baada ya nyingine, hadi ng'ombe alipoanza kunipiga mkia usoni kwa sababu nilikuwa ninamvuta kwa nguvu.