Stika ya Dhahabu ya Bi Arlene

Kufikia msimu wa kuwinda kulungu, Arlene Koskela alikuwa amewachoka mama waliokufa. Hakuwa na ugomvi nao. Ila kila alipofungua kitabu kipya cha watoto, mama alikuwa kaburini kabla sura ya pili haijaisha, baba kanyamaza dirishani, na mtoto kapelekwa kwa bibi asiyesema sana ila ana bustani. Kama si mama, basi mbwa. Mbwa waliteketea mwaka ule utadhani kuna ugonjwa. Mumewe, Wes, akawa anamuuliza mezani jioni, "Leo kafa nani?" Naye anajibu bila kuinua macho kutoka kwenye pai yake ya nyama na viazi, "Farasi."

Arlene ni mkutubi wa watoto hapa kwetu Ansel, kule juu kabisa, kaskazini mwa jimbo la Michigan, ambako theluji huja mapema na kuondoka inapojisikia. Mwaka huo alikuwa pia mjumbe wa kamati ya jimbo inayochagua kitabu kipya bora cha watoto na vijana. Heshima hiyo aliitamani tangu hajaota mvi hata moja. Alipoipata akagundua kwamba heshima huletwa kwa maboksi. Kila mchapishaji wa nchi hii alimtumia vitabu vyake, na yule dereva wa vifurushi akaanza kushusha mzigo pale barazani bila salamu, kama mtu anayemwaga kifusi.

Wes ni mtu wa vitendo. Maboksi yalipojaa sebuleni, akayapanga, akayatandikia kitambaa, akaweka taa juu, yakawa meza. Yakafuata mengine, yakawa benchi. Arlene akawa anasoma hata ndani ya chumba cha mvuke, ambako majalada yalijikunja kama samaki kikaangoni. Alisoma kwa daktari wa meno huku kaachama. Alisoma ndani ya kibanda cha kuwindia, Wes na bunduki yake, yeye na kitabu chake, na Wes akalalamika kwamba kulungu wanazisikia pumzi zake za kukata tamaa.

Kibaya zaidi ni kile kiapo. Wajumbe wa kamati hawaruhusiwi kumwambia mtu yeyote ni kitabu gani kimewapendeza mpaka tuzo itangazwe. Sasa fikiria mkutubi anayeulizwa na mzazi, "Bi Arlene, kipi kizuri?" halafu anajibu, "Siruhusiwi kusema." Mji mdogo huu. Kabla ya Krismasi kulikuwa na watu walioamini kwamba Arlene anafanyia serikali kazi ya siri.

Kitabu chenyewe alikutana nacho humo humo kibandani. Kinaitwa *Ndoo za Nyumba ya Pembeni*. Ni habari za msichana na bibi yake wanaoishi kwenye nyumba inayovuja, na kila ndoo wameipa jina la jirani waliyegombana naye. Basi. Hakuna vita, hakuna jini, hakuna mtoto aliyezaliwa na alama begani. Alipofika pale mchungaji anapokuja kula chakula cha jioni na kukuta ndoo yenye jina lake ndiyo imewekwa chooni, Arlene akacheka kwa sauti kubwa, na kulungu aliyekuwa amesimama mbele ya bunduki ya Wes akatimua mbio hadi leo.

"Ni hicho," Wes akasema.

"Mimi sijasema kitu."

"Hujasema. Kulungu kashasema."

Nafanya kazi meza ya mbele ya maktaba, ndiyo maana najua alivyokuwa. Hakuwa na furaha. Alikuwa na wasiwasi. Asubuhi moja tunavisha vitabu plastiki, akaniambia, kwa namna ya mtu anayemweleza daktari dalili zake: "Labda nimekipenda kwa sababu tu nimechoka. Hakufa mtu, nikashukuru. Hiyo si sababu ya kumpa mtoto kitabu."

Januari kamati ikakutana Lansing, mji mkuu wa jimbo huko kusini, kwenye chumba cha hoteli kisicho na dirisha. Mwenyekiti alikuwa Dakta Philippa Grosz, mama mwenye mitandio mingi ambaye akipenda kitabu husema "kinatuuliza maswali," na asipokipenda husema hivyo hivyo ila polepole. Wengi walikuwa upande wa hadithi ya kishairi kuhusu mnara wa taa za meli. Humo alikufa mama, akafa mbwa, na kwa usalama zaidi mnara nao ukaanguka.

"Kina kina," akasema mjumbe mmoja.

"Kisima nacho kina kina," Arlene akasema, "na hatumwachi mtoto karibu nacho."

Walibishana mpaka sandwichi zikakauka. Hakuna aliyemshawishi mwenzake. Kilichomwokoa Arlene ni habari kwamba barafu imeanza kudondoka kutoka kwenye nguzo za daraja kubwa linalounganisha kaskazini na kusini mwa jimbo, na huenda likafungwa. Wenye kuishi upande wa kaskazini wakatazamana, wakahesabu usiku mwingine kwenye hoteli ile, wakaona afadhali wamkubalie Arlene, mikono ikapanda. Ndivyo fasihi ya watoto inavyotukuzwa kwetu.

Wakiwa wanavaa makoti, Dakta Grosz akamshika bega. "Arlene, mpenzi wangu, utakaa nasi mwaka mwingine? Nahitaji kujua kabla ya Pasaka."

"Ngoja kwanza nimwone mtoto mmoja anakisoma," Arlene akasema. "Mmoja tu, kwa hiari yake, si kwa fimbo ya mwalimu. Nikimkosa, basi pua yangu ya kunusa vitabu imekufa, na nitampisha mwenye pua."

Dakta Grosz akacheka, akidhani ni utani wa watu wa kaskazini.

Stika za dhahabu za kubandika kwenye kitabu kilichoshinda zilikuja zimeviringishwa, kama karatasi ya chooni ya wafalme. Mkurugenzi wetu, Bwana Gil Trudell, hupenda kitu chochote kinachong'aa. Aliagiza nakala za kitabu, akabandika stika kwa mkono wake katikati kabisa ya jalada, juu ya uso wa bibi wa watu, akazipanga mezani kama mnara wa vikombe vya ligi. Kwa kuwa vitabu vipya kwetu hutoka Jumanne, sherehe ikawekwa Jumanne. Keki ikaletwa yenye umbo la ndoo. Watoto wakaja wote, maana keki ni keki.

Brynn Lahti alikuja na koti la kuwindia la kaka yake linalomfika magotini. Ana miaka kumi na miwili, na pale shuleni kwao yeye ndiye anayeamua kitu gani ni cha kijinga. Arlene akamfuata na kitabu mkononi.

"Chukua, mwanangu. Kinachekesha."

"Kina stika, Bi Arlene."

"Ndiyo. Kimeshinda."

"Basi mbwa anakufa."

"Hafi."

"Bibi, basi."

"Bibi naye mzima."

"Mwaka jana mlisema kile cha bata kinachekesha. Kaleb alilia kwenye basi la shule mpaka dereva akapaki pembeni."

"Sikulia," akasema Kaleb, mjukuu wa mkurugenzi, mdomo umejaa keki. "Nilikuwa na mafua."

"Ulikuwa na mafua ya bata," Brynn akamwambia. Kisha akamgeukia Arlene kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni. "Bi Arlene, ile stika ni kama fuvu kwenye chupa ya sumu. Kila mtu anajua. Nyie hamkujua?"

Akachukua kipande kingine cha keki, akaenda zake.

Hatukujua. Miaka yote hiyo tumekuwa tukibandika dhahabu ili kuwaita, kumbe tunawafukuza. Walimu wetu wa chuo walitufundisha kupanga meza ya maonyesho, kuchagua rangi, kuweka ua bandia. Hakuna aliyetuambia kwamba kwa mtoto wa Ansel kitabu chenye stika ni kitabu kilichopendwa na watu wazima, na watu wazima hupenda kulia.

Ule mnara wa vitabu ukakaa. Vumbi likaanza kuushughulikia. Mwalimu mstaafu mmoja alichukua nakala, akairudisha akisema imemkumbusha marehemu dada yake. Bwana Trudell akalaumu simu. Arlene hakulaumu kitu. Alikuwa akipita pale mezani akienda kuwasomea hadithi watoto wadogo, akirudi, akipita tena, na kila akipita mabega yalishuka kidogo. Nikamuuliza kama amempigia Dakta Grosz. "Kwamba niseme nini?" akajibu. "Kwamba nimeshinda kwa msaada wa daraja, na kitabu kinasomwa na vumbi?"

Kisha asubuhi moja nikamkuta chumba cha nyuma na kikausha nywele. Kakielekeza kwenye jalada la kitabu kimoja cha ule mnara, na kwa kucha anabandua stika taratibu. Bwana Trudell akaingia na kikombe chake cha kahawa.

"Arlene. Unafanya nini?"

"Nakivua nguo za maziko."

"Hiyo ni tuzo ya jimbo."

"Najua. Niliipigia kelele siku nzima."

"Wachapishaji watasemaje?"

"Wao wana stika nyingi, Gil. Mimi nataka mtoto mmoja."

Bwana Trudell akanywa kahawa yake na kuondoka. Ile stika ilitoka vipande vipande na kuacha duara la gundi. Arlene akakichukua kitabu nyumbani. Kiliporudi kilikuwa kitabu kingine: mgongo umelegea, pembe zimejikunja kwa mvuke, na Wes alikuwa amesaidia kwa doa la kahawa, bila kuombwa na bila kukusudia.

Halafu akakiweka kwenye toroli la vitabu vilivyorudishwa. Wasio wa kazi hii hawajui, lakini watu wa hapa hawachukui kitu mezani kilipopambwa. Wanaona haya, kama wanaoalikwa kucheza wa kwanza harusini. Wanapekua toroli. Kilichorudishwa, kuna mtu alikitaka.

Brynn alikuja kumsubiri mama yake, akaegemea toroli, akapekua. Akakitoa. Hakukitambua, maana kilikuwa haking'ai tena.

"Hiki kakirudisha nani?"

Arlene alikuwa anapanga kadi. Hakuinua kichwa. "Siwezi kusema. Unajua sheria. Alichosoma mtu ni siri yake."

Na ni kweli, sheria ndiyo hiyo, hatumtaji msomaji hata kwa polisi. Arlene alikuwa amefanya mazoezi ya kunyamaza mwaka mzima, sasa kiapo kikamlipa.

"Ni mkubwa au mdogo?"

"Siwezi kusema."

"Wa shule ya sekondari?"

"Brynn, mama yako anapiga honi."

Brynn akakitumbukiza kitabu kwenye mfuko wa koti. "Nakiangalia tu," akasema, nami nikamwandikia tarehe ya kurudisha.

Wiki zikaenda. Tarehe ya kurudisha ikapita. Brynn alikuwa anakuja maktaba, anatumia kompyuta, anaondoka, hataji kitabu. Arlene hakumuuliza, kwa sababu mtoto akiulizwa kuhusu kitabu hugeuka mwanafunzi. Theluji ikaanza kuwa nyeusi pembezoni mwa barabara. Dakta Grosz akapiga simu, akaacha ujumbe; akapiga tena, akaacha mwingine mtamu zaidi. Arlene akawa anakula chakula chake cha mchana ndani ya gari. Siku moja akaniambia amefikiria kuomba zamu ya kuhesabu magazeti, kwa kuwa magazeti hayamtegemei mtu ayapende.

Ni mimi niliyeshindwa kuvumilia. Brynn alipofika mezani kuomba karatasi ya printa, nikamwambia ana kitabu kilichochelewa.

"Sina," akasema.

Arlene akatokea nyuma ya rafu. "Kiko wapi?"

"Nilimpa Kaleb. Kaleb akampa binamu yake wa Marquette. Sijui yule kampa nani. Mtanitoza faini?"

"Hatutozi mtu. Ulikimaliza?"

"Mara mbili." Brynn akavuta pua. "Ile ya mchungaji na ndoo ya chooni nilimsomea kaka yangu, akamwaga maziwa. Sasa na sisi tumeyapa majina masufuria. Wewe ni lile kubwa, Bi Arlene, usichukie."

"Sichukii."

"Ila mlinidanganya. Ni kile cha stika. Nilipofika nyumbani kikaganda kwenye blanketi, kumbe kuna duara la gundi. Nilimsubiri yule mbwa afe kila ukurasa. Mmeniharibia raha nusu nzima."

"Mbona hukukiacha?"

Brynn akamtazama kama anavyotazamwa mtu aliyeuliza kwa nini maji yanalowesha. "Nilikuwa nishaanza."

Akachukua karatasi zake, akaenda.

Arlene akakaa kwenye kiti changu. Sikumwona akicheka, wala akifuta machozi. Alivua miwani, akayasugua macho kwa muda mrefu, kama mtu aliyeambiwa kwamba safari bado haijaisha. Kisha akanyanyua simu ya mezani.

"Philippa? Arlene wa Ansel. Ndiyo, nitakaa." Akasikiliza. "Ndiyo, yupo. Hapana, kitabu chenyewe kimepotea." Akasikiliza tena. "Asante. Ila nina ombi moja. Mwaka huu stika iwekwe nyuma, ndani kabisa, pasipoonekana." Sauti ya upande wa pili ikawa ndefu na tamu. Arlene akaitikia, akaitikia, akakata simu.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anasema watazifanya kubwa zaidi, ili watoto wazione."

Boksi la kwanza la mwaka mpya wa kamati lilifika wiki hiyo hiyo. Wes alilikuta barazani, likiwa limekaa kwa pembe juu ya theluji iliyolowana. Akaliingiza, akalifungua kwa kisu cha kuchunia kulungu, na bila neno akaenda kupima nafasi iliyobaki kando ya benchi. Arlene akatoa kitabu cha juu, akakaa juu ya vile vya mwaka jana, akavaa miwani, akafungua sura ya kwanza.

Mama alikuwa anakohoa.