Asubuhi Saba Kavu

Kaka yangu wanamwita Futi kwa sababu mbili: futi ya kupimia haitoki shingoni mwake hata msibani, na yeye mwenyewe urefu ulimpita pembeni. Ni fundi cherehani. Sare za skauti wa mtaa wetu, wadogo kwa wakubwa, zote zimepita mikononi mwake, na mtoto anayehama kutoka kundi la wadogo kwenda la wakubwa huletwa kwake apimwe. Hujisifu kwamba akishamzungushia mtoto futi kifuani, anajua kama yuko tayari kuhama au bado. Mimi dada yake, ninayeshona vifungo kwenye duka hilohilo, nimechoka kumsikia.

Kwa mwanawe mwenyewe, futi haikumwambia kitu.

Pini, tunamwita hivyo kwa kuwa ni mdogo na mkali, alitimiza miaka kumi na mmoja, umri wa kuhama. Mafundo anafunga kuliko mimi. Ahadi ya skauti anaitiririsha bila kupepesa. Huduma ya kwanza alijifunzia kwa paka wetu, akamfunga bandeji mpaka paka akakata tamaa. Tatizo lake lilikuwa moja, na tulilijua sisi wa nyumbani tu: alikuwa bado analowesha godoro. Skauti wadogo hurudi kwao jioni. Wakubwa huanza na kambi ya siku tatu, wasichana wanne hema moja.

Zahanati tulikwenda. Daktari akasema wengine huchelewa, itaisha yenyewe, msimgombeze. Msimgombeze! Kama vile tulikuwa na nguvu hata za kugomba. Chai ya jioni tulimnyima, kumwamsha tulimwamsha, na wifi yangu, anayefanya kazi mbali, alituma maelekezo mapya kwa simu kila Jumapili. Godoro likaendelea kuanikwa uani, nyuma ya mapazia ya wateja, majirani wasilione.

Pini alimwapisha baba yake asimwambie kiongozi yeyote. Alikuwa na sababu. Mwaka jana msichana mmoja wa kundi la wakubwa aliamka kambini shuka limelowa, wenzake wakamwita Kikojozi, na jina likamfuata mpaka darasani. Hadi leo ukimtaja kwa jina lake halisi, watoto wanauliza ni nani huyo.

Fomu ya kuhama ilipokuja, ilikuwa na mstari mmoja wa mzazi: Mwanangu yuko tayari. Chini yake, sahihi. Futi aliiweka kwenye droo ya nyuzi, kila akifungua droo anaifunga tena haraka. Mwisho akaja na akili ya kifundi, kwamba hakuna kisichokuwa na kipimo.

"Tupatane, mwanangu," akamwambia Pini. "Asubuhi saba kavu mfululizo, naweka sahihi. Ikilowa hata moja, tunasubiri mwakani."

"Saba tu, baba?"

"Saba tu."

Ya kwanza ikawa kavu. Ya pili kavu. Kufika ya tano kaka yangu alikuwa anapiga mluzi kwenye cherehani, yeye ambaye hata redio humkera. Mimi nilimwona mtoto macho mekundu, anasinzia juu ya sahani, nikamtania kwamba anazeeka kabla yangu. Ndiyo akili yangu hiyo. Ya saba godoro likawa kavu, Futi akaweka sahihi, akampigia mkewe simu huku analia, nami nikalia pembeni yake. Sioni haya kusema.

Jumamosi asubuhi lori lilisimama uwanja wa shule. Kiongozi wa wakubwa, mwalimu wa hisabati, alikuwa anahesabu vichwa mara ya tatu. Pini alishapanda, kabanwa katikati ya wenzake wa hema. Futi akanyoosha mkono kupitia ubavu wa lori, akamweka skafu sawa.

"Saba zote," akamnong'oneza. "Hongera, mama."

Pini akainama mpaka sikioni mwake. Nilikuwa karibu, nilisikia.

"Usiogope, baba. Nimeshajua namna. Silali."

"Hulali vipi?"

"Nakaa tu mpaka kunakucha. Usingizi ukinizidi nasimama. Nitalala darasani tukirudi. Nimeweza siku saba, tatu zitanishinda?"

Uso wa kaka yangu ulibadilika mpaka nikamshika kiwiko. Angesema nini? Wale wasichana watatu walikuwa wamemwegemea mwanawe bega kwa bega, na alikuwa ameapa.

"Fundi, kuna tatizo?" mwalimu akauliza kwa sauti ya darasani. Lori zima likageuka. Pini alimtazama baba yake bila kupepesa.

"Hakuna, mwalimu," akasema Futi. "Ila… naomba tu alale. Mwangalie apate usingizi."

Mwalimu akacheka, akampiga begani. "Ondoa shaka kabisa! Leo tunawatembeza kilomita kumi na mbili kwa miguu. Hakuna atakayebaki macho, watalala fofofo wote."

Watoto wakashangilia. Pini hakushangilia. Lori likaondoka, na kaka yangu akabaki pale, mkono wake bado uko juu, umeshika hewa.