Diski Yenye Pindo

Siku ile naikumbuka bado, mwanangu, wewe unayeniuliza ununue diski ya giga ngapi ya kuhifadhia kazi zako. Kaa kwanza, maduka hayakimbii.

Nilikuwa kijana, nikifanya kazi katika studio ya picha ya Mama Furaha, mfanyabiashara aliyehamia Rwambuzi, mtaa wetu wa Bunia, kutoka Butembo. Vita vilikuwa vimeshaukaribia mji. Kompyuta yetu ilibeba harusi na ubatizo wa mtaa mzima, na kama studio ingeungua, sura zile zingepotea pamoja nayo. Basi tukaenda sokoni kutafuta diski ya nje, tuweke nakala.

Mimi nikashika ya giga ishirini. Picha zetu zote zingeingia, nikasema, ya nini kununua nafasi tupu?

"Weye unapima mutoto wa leo," Mama Furaha akanikaripia. "Uniforme banashonaka ya mwaka kesho, pindo banakunja mu ndani!" Yaani sare ya shule hushonwa kubwa, pindo likakunjwa ndani hadi mtoto akue, ndipo lifunguliwe.

Muuzaji akafurahi, akaleta ya giga themanini, dude zito lenye waya wake wa umeme. Hilo nalo Mama akalikataa.

"Hii itakunywa courant wapi? Na siku ya kukimbia nitaifunga wapi?"

Akachukua ya giga arobaini, ndogo kama kipande cha sabuni, inayokunywa umeme wa kompyuta yenyewe. Akaifunga ndani ya kitenge kiunoni, akatembeatembea pale dukani kuijaribu. Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao.

Tahadhari kabla ya hatari, wazee walisema. Habari za vita zilipozidi, watu wakaanza kutuletea picha zao za karatasi tuziingize pia, na lile pindo likajaa. Wa mwisho alikuwa Baba Issa, mchimba dhahabu wa Mongbwalu, na picha ya harusi yake. Halafu tukakimbia, Mama na kitenge chake kiunoni.

Tuliporudi, studio ilikuwa majivu. Mke wa Baba Issa alikuwa amefia njiani, na nyumbani kwao hakikubaki hata kijiko. Tukaazima kompyuta, nikachomeka waya. Sura zikaanza kutokea, watu wa mtaa ambao haukuwapo tena. Mwanangu, niliingiwa na hofu ya mtu aliyefika mahali patakatifu. Mji mzima ndani ya kitu cha kushika kiganjani! Mpaka leo sijazoea.

Harusi yake ilipotokea, Baba Issa akagusa uso wa mkewe kwenye kioo cha kompyuta.

"Angalia," akasema, "iko anacheka."

Ile ya giga ishirini ingejaa kabla ya kumfikia. Nikalia.

Basi, mwanangu, akiba haiozi. Pima ulichonacho leo, kisha nunua mara mbili yake. Usichukue kubwa usiyoweza kuiwasha wala kuibeba. Na nakala isilale nyumba moja na kompyuta, maana moto haubagui. Mungu akuongezee siku na kazi hadi pindo lako lijae, na wale unaowapenda usikose kuwaona wakicheka.