Siku Nilipomstaafisha Mbwa wa Baba

Katika miaka ya sabini, kabla serikali haijapiga marufuku uwindaji, baba alikuwa na mbwa watano pale kwetu Marungu. Watu wengine hujivunia ukoo wao. Mimi najivunia mbwa wale, hasa jike mmoja mzee, mwembamba, mwenye jicho moja, ambaye alibweka kwa nadra sana.

Nilikuwa likizoni kutoka chuo kikuu, nimesoma elimu ya wanyama muhula mmoja tu, na tayari nilikuwa na maoni. Baba mdogo alikuwa amekuja kutoka Mboghoni kuomba mbwa wa kulinda migomba yake. Alimtaka yule jike. Baba akasita.

"Mpe tu," nikasema. "Amezeeka. Kundi linaongozwa na yule dume mkubwa. Ndiye anayekula kwanza, ndiye mwenye sauti."

"Umesikia, kaka?" baba mdogo akacheka. "Profesa ameamua."

Baba aliishia darasa la tatu na aliheshimu masomo kuliko yalivyostahili. Akamfunga jike kwenye nguzo ya ghala.

Asubuhi ile nguruwe mwitu walikuwa wametuharibia mahindi, na nyayo zilikuwa bado mbichi. Tukatoka na mikuki na mbwa wanne. Dume alitangulia akibweka kama mgombea ubunge. Mwisho wa shamba akanusa nyayo, akageuka, akatazama nyumbani. Wenzake wakaketi. Baba akapiga mluzi, hakuna aliyeinuka. Nikamsukuma dume kwa goti. Akanilamba mkono.

"Haya, Profesa," akasema baba mdogo, "sasa utanusa wewe ama?"

Baba hakucheka. "Kamfungue."

Nilikimbia. Jike hata hakunisalimu. Alipita katikati ya wenzake bila kumtazama yeyote, akaweka pua chini, na wote wanne wakamfuata kimya hadi kwenye kichaka kando ya korongo. Aliposimama, kila mmoja alijua mahali pake. Dume akapiga kelele upande wa juu. Wawili wakaziba korongo. Mdogo wao akajibana ubavuni mwa jike, upande wa jicho lililopofuka, akitazama kule ambako mwenzake hakuweza kuona. Kazi hiyo walikuwa wameigawana miaka mingi, nami nilikuwa nimehesabu tu nani anakula kwanza.

Nguruwe akatokea mbele ya mkuki wa baba.

Sheria ya baba ilikuwa kwamba mbwa hula kabla ya mtu. Alikata ini, akampa jike kipande cha kwanza, kisha wale wengine. Baba mdogo alikuwa bado ameshika kamba aliyokuja nayo.

"Sasa kaka, nichukue yupi?"

"Chukua paja," baba akamwambia. "Hawa hawagawanyiki."

Baba mdogo akalibeba paja, akaenda zake. Zamu yangu ilifika baada ya mbwa wote watano. Ilikuwa haki, na nyama ilikuwa tamu.